Breki ya Pili

Mkaguzi wa magari hakuwa mtu wa salamu ndefu. Inspekta alipofika uani pa kituo asubuhi ile, alimkuta amelala chali chini ya gari dogo jeupe, miguu tu ndiyo inayoonekana, na sauti ikatokea huko huko chini.

"Breki nzima. Usukani mzima. Matairi bado yana uhai. Kama unatafuta gari la kulaumu, Afande, si hili."

Inspekta alizunguka mbele. Boneti ilikuwa imekunjamana, na kioo cha mlango wa dereva kilikuwa kimemwagika chote kama punje za chumvi ya mawe. Juu ya paa, kibao cha chuo cha udereva kilikuwa bado kimesimama na maneno yake yale yale: KITI, KIOO, MKANDA. Nani mjini asiyeyajua maneno hayo? Nusu ya wenye leseni walifundishwa na mtu mmoja, ambaye hata wazee wenzake walimwita Mwalimu tu, na katika nusu hiyo alikuwemo Inspekta mwenyewe. Ndiyo maana tangu jana jioni alikuwa akiombea moyoni kesi hii iwe nyepesi.

Na kwa kweli ilionekana nyepesi. Jana jioni gari hili liliacha lami, likapanda kibaraza cha duka la ushonaji, likambana mwenye duka ukutani pamoja na cherehani yake. Binti wa Mwalimu alisema ndiye aliyekuwa anaendesha na baba yake ameketi kando, kama wanavyokaa mwanafunzi na mwalimu. Akapuliza kipimo cha pombe, kikasoma sifuri. Baba hakupimwa. Askari aliyekuwa na kipimo alimtazama Inspekta, na Inspekta akasema abiria hapimwi.

Mkaguzi alijiburuza kutoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Akafungua mlango wa kushoto.

"Chungulia. Hii ni breki ya pili, ile ya mwalimu. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyeitengeneza, kaiwekea vinundu mguu usiteleze. Imekanyagwa mpaka mkono wake umepinda."

Inspekta alishusha pumzi. "Basi inalingana. Mwanafunzi kababaika, Mwalimu kakanyaga."

"Usiitie ndoo kisimani kabla hujaona maji." Mkaguzi akazunguka upande wa dereva, akapiga magoti. "Tazama reli ya kiti. Unaona nini?"

"Vioo."

"Unga wa vioo. Vimesagwa. Kioo kilimwagika kwanza, punje zikaingia kwenye reli, halafu mtu akasukuma kiti mbele juu yake. Sasa hivi kimekaa sawasawa na miguu ya msichana mfupi. Ila kimekaa hivyo baada ya ajali."

Inspekta aligusa unga ule kwa ncha ya kidole.

"Na hili ndilo limeninyima usingizi," Mkaguzi akaendelea, akionyesha kioo cha ndani kwa ncha ya bisibisi. "Gari likigonga namna hii, kioo hiki huishia kutazama dari. Hiki kinatazama nyuma, safi kabisa, kwa macho ya mtu mfupi. Na pale ukingoni kuna alama ya dole gumba, ya damu. Hebu niambie, mwenye akili timamu gani anakaa kuweka kioo sawa kwenye gari ambalo haliendi popote?"

Mtu huyo Inspekta alimjua. Kwanza kiti. Ukishasogeza kiti, mkono uende kwenye kioo wenyewe, usingoje kuambiwa. Ndivyo alivyofundishwa, na hadi leo akisogeza kiti chake ofisini kulikuwa na siku mkono wake uliinuka kutafuta kioo, na wenzake wakamcheka. Jana Mwalimu alikuwa amefunga dole gumba kwa leso, akasema amejikata akimvuta mama wa watu kutoka ukutani. Binti hakuwa na hata mkwaruzo.

"Haya, dereva umempata," Mkaguzi akasema. "Lakini pombe iliyomfanya abadilishe kiti umeikosa. Imelala naye usiku kucha, saa hizi imeshatoka. Bila pombe ni uzembe tu: faini, na kesho yuko barabarani."

"Ni mimi niliyesema asipimwe."

"Nilisikia."

"Niliona haya kumpulizisha mwalimu wangu."

Mkaguzi alikunja kitambaa chake taratibu, akakitia mfukoni. Alikuwa mtu wa maneno makali, lakini hilo hakuliongezea neno, na hapo ndipo Inspekta aliposikia aibu yenyewe ikimpanda mpaka masikioni.

*

Wodini, mshona nguo alikuwa macho. Madaktari walikuwa wameukata mguu wake wa kulia chini ya goti, na shuka lilikuwa limelala bapa mahali pa mguu. Mdogo wake alikuwa amesimama kichwani pa kitanda, mikono kifuani, kama mlinzi wa benki.

"Pole, mama," Inspekta alisema.

"Nimeshapoa, mwanangu. Vuta kiti." Alikuwa na sauti kavu ya mtu aliyezoea kuongea na pini mdomoni. "Cherehani yangu wameiona? Ya kukanyaga ile. Si ya umeme."

"Iko kituoni. Gurudumu limevunjika."

"Basi tumevunjika wote wawili."

Mdogo wake akaingilia. "Afande, tusikupotezee muda. Tunayamaliza nyumbani. Mwalimu alikuja alfajiri, kalia hapa kama mtoto. Kasema gharama za hospitali ni zake, na jioni hii wazee wa pande zote mbili wanakaa, dada anatamka mbele yao kwamba amesamehe na hadai tena. Yaishe. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Kwa nini haraka hivyo?"

"Kwa sababu ya bima. Mwalimu katueleza vizuri. Kasema tukienda mahakamani, wakianza kuchimbuachimbua habari za pombe, bima inajitoa, tunabaki mikono mitupu."

Inspekta aliinua macho. "Pombe ya nani?"

"Ya..." Mdogo mtu akasita.

"Binti alipima sifuri. Mimi mwenyewe niliona. Sasa Mwalimu anaogopa ichimbuliwe pombe ya nani?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuza kichwa waziwazi, bila hata kujifanya amelala. Mshona nguo alimtazama mdogo wake, kisha akamtazama Inspekta.

"Endelea," alisema.

"Mama, nisikilize, halafu uamue mwenyewe. Hiyo habari ya bima si kweli. Bima ambayo kila gari linalazimika kuwa nayo imewekwa kwa ajili yako wewe, mtu uliyegongwa, siyo kwa ajili ya dereva. Dereva akiwa amelewa, bima inakulipa wewe, kisha inamgeukia yeye na kumdai. Hiyo moja. Kesi ya ulevi ni ya serikali, wewe hutoi senti, na hakimu akimtia hatiani anaweza kumwamuru akulipe fidia juu ya adhabu yake. Halafu una haki ya kufungua madai yako mwenyewe, ya mguu, ya maumivu, ya kazi utakayoikosa. Kama huna wakili, kuna ofisi ya msaada wa kisheria nyuma ya mahakama, wanasaidia bure. Hifadhi kila karatasi ya hospitali."

"Na kuyamaliza nyumbani?"

"Nako ni haki yako. Sikukatazi. Lakini uyamalize ukijua unamsamehe nani na kwa kosa gani. Ukishatamka mbele ya wazee kwamba umefuta yote, kuja kuyafufua ni kazi."

Mdogo mtu alikuwa ameangalia sakafu. "Mimi ndiye niliyemshikilia akubali," alisema polepole. "Asubuhi nzima nilikuwa namwambia dada asiwe na moyo mgumu."

"Usijali wewe," mshona nguo akamwambia, bila kuondoa macho kwa Inspekta. "Unajua alikaa hapo hapo ulipokaa? Akalia mpaka nikamwonea huruma. Mimi, na hali hii, nikampa yeye pole. Nikamwambia asije akamgombeza yule mtoto wake, mtoto akikosea ni wa kufunzwa."

*

Binti wa Mwalimu alikuwa anangoja ofisini kwa Inspekta, mikono ameibana katikati ya magoti. Alikuwa msichana mdogo wa umbo, na raba zake nyeupe zilikuwa zimefungwa vizuri, kila kamba na pacha wake.

"Nieleze tena ya jana, mdogo wangu."

"Nilikuwa naendesha. Nikaona mbwa. Nikakata kulia. Baba akakanyaga breki ya pili. Basi." Alisema kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayesoma tangazo.

"Jana hukutaja mbwa."

"Nilisahau."

"Mkanda ulikuumiza wapi?"

Mkono wa msichana ulikuwa umeshafika begani kabla hajaufikiria. Bega la kushoto. Akaushusha upesi, lakini wapi.

"Mkanda wa dereva unapita bega la kulia," Inspekta alisema. "Wa kushoto ni wa yule anayekaa kando. Nivulie raba ya kulia, tafadhali."

Aliigeuza soli kwenye mwanga wa dirisha. Mpira ulikuwa laini, na katikati palikuwa na safu ya vishimo vidogo, vimezama hasa, kama vya mtu aliyesimama juu ya misumari butu.

"Breki ya dereva ina mpira wa mistari. Yenye vinundu ni ya pili. Si baba yako aliyeikanyaga. Ni wewe."

Msichana aliitazama raba yake kana kwamba imemsaliti.

"Yule mama," alisema, "mguu wameuokoa?"

"Wameukata."

Hapo ndipo alipovunjika. Alilia bila sauti, kichwa karibu kigonge meza, na Inspekta akamwacha. Alipoinuka alikuwa na uso mwingine, mkubwa kuliko umri wake.

"Nilichelewa," alisema. "Siku zote nawahi. Jana nilichelewa."

"Siku zote?"

"Baba akilewa hatoi funguo. Utamfanyaje? Baba ni baba, utamnyang'anya mbele ya watu? Basi mimi nakaa upande wa mwalimu, mguu juu ya breki. Akianza kwenda pembeni nakanyaga. Anacheka, ananiambia, 'Umefaulu.' Tangu nipate leseni ni hivyo. Mama hajui. Hakuna anayejua. Nilikuwa naona aibu mtu asije akajua."

"Na baada ya kugonga?"

"Alishuka, akaona watu wanakuja. Akaniambia, 'Wewe hujanywa, wewe ni faini tu. Mimi ni jela na chuo kinafungwa, mtakula wapi?' Akaniingiza kwa dereva. Akasukuma kiti. Akaweka kioo." Mkono ukarudi begani. "Akaniambia nifunge mkanda. Yule mama analia pale ukutani, na baba ananiambia nifunge mkanda."

Inspekta alipanga kalamu mezani, akazipangua. "Maneno ya jana uliyasema kwa askari, na hayakuwa kweli. Hilo ni kosa, sitakuficha. Ukiyarekebisha leo kwa hiari yako, nitasema hivyo mbele ya yeyote atakayeniuliza. Hulazimishwi kumsema baba yako. Ukitaka, ondoka, na ya jana yabaki."

"Nikinyamaza yule mama anapata nini?"

"Kidogo."

Msichana aliivaa raba yake, akaifunga kamba polepole.

"Andika," alisema.

"Kitu kimoja kwanza. Mkaguzi anasema gari lile lilikuwa mbio. Bila breki yako, mama yule angekuwa mochwari. Umechelewa, lakini si kwa kila kitu."

*

Darasa la chuo cha udereva lilikuwa tupu. Mezani palikuwa na barabara ya mbao na vigari vya kuchezea, na ukutani, alama zote za barabarani kwa rangi zake. Mwalimu alikuwa amesimama ubaoni anafuta, ingawa ubao ulikuwa mweusi tii.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa."

Inspekta alibaki amesimama. "Nimekuja unisomee somo la mwisho."

"Lipi?"

"Lile la adhabu. Ulikuwa unaanza kwa kutuchekesha. Pombe na usukani ni wake wenza, ulisema, usiwapakie gari moja."

Mwalimu alitabasamu kidogo kwa mazoea, kisha tabasamu likafa njiani. Alitazama dole gumba lake lenye bandeji.

"Huna kipimo," alisema kwa sauti ya chini.

"Sina. Nina unga wa vioo kwenye reli ya kiti. Nina damu yako kwenye kioo cha ndani. Hukuweza kusogeza kiti ukaacha kioo, Mwalimu. Ungeacha, pengine ungenipita."

"Hiyo ni damu tu. Si pombe."

"Na binti yako ninaye."

Mwalimu aliketi kwenye kimoja cha viti vidogo vya wanafunzi, magoti yakamfika kifuani. "Amesema?"

"Amesema habari za breki. Amesema unavyomwambia akiwahi."

Mwalimu alifunika uso. Mzee mzima, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, na mabega yake yakawa yanaruka. Inspekta alitamani awe mahali popote duniani ila pale. Lakini hakuondoka, wala hakumwambia anyamaze.

"Somo, Mwalimu."

"Kuendesha umelewa," alianza, uso bado mikononi, "ni faini au kifungo, au vyote viwili. Leseni inaondolewa. Ukimjeruhi mtu vibaya kifungo kinakuwa cha miaka, si miezi. Na fidia. Na madai ya aliyejeruhiwa hayazuiliwi na kifungo chako, utatoka jela na bado unadaiwa." Alisema yote bila kukosea, kama alivyowahi kuyasema mbele ya madarasa na madarasa.

"Na anayemsingizia mwanawe?"

"Hilo sikulifundisha."

Nje, mtu alikuwa anajaribu kuegesha gari kwenye vigingi, injini inazimika, anaiwasha tena.

"Naomba kitu kimoja," Mwalimu alisema. "Wazee wakae kwanza leo jioni. Yule mama asamehe, yaishe. Kesho nakuja kituoni kwa miguu yangu."

"Kwa miguu yako," Inspekta alirudia, na Mwalimu akasikia alichokisema, akainamisha kichwa. "Wazee watakaa wakipenda. Lakini yule mama atajua kwanza anamsamehe nani, na atalisikia kwako. Halafu kituoni, leo. Haki ya kuwa na wakili unayo, na ya kunyamaza unayo. Uliyoniambia hapa nitayaandika."

Walitembea mpaka kwenye gari la polisi. Muuza magazeti akasema shikamoo Mwalimu. Dereva wa teksi, mwanafunzi wa zamani, akapiga honi na kusema shikamoo Mwalimu. Watoto wa shule wakasema kwa pamoja, kwa wimbo. Hakumwitikia hata mmoja.

*

Mshona nguo alikuwa ameomba awekwe mito miwili mgongoni. Alimwona Mwalimu mlangoni, akamwona Inspekta nyuma yake, na hakuhitaji kuelezwa sana. Mdogo wake alisogea ukutani kuwapisha.

Mwalimu alisimama miguuni pa kitanda, akaliona shuka lilivyolala bapa mahali pa mguu, akahamia kando.

"Mama," alisema. "Si binti yangu aliyekugonga. Ni mimi. Nilikuwa nimelewa."

"Ee Mungu wangu!" mdogo mtu akasema.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameketi kabisa.

"Na ile habari ya bima?" mshona nguo akauliza.

"Nilikudanganya."

"Ili nisiende mahakamani."

"Ili usiende."

"Nitakwenda," alisema, bila ukali, kama anayemjibu mteja siku ya kuchukua nguo. "Wazee waambieni wabaki makwao leo." Kisha akamtazama kwa muda mrefu, dole gumba lile, kalamu ile mfukoni. "Alfajiri nilikupa pole, Mwalimu."

"Ulinipa."

"Ukaipokea."

"Niliipokea, mama."

"Ukaniambia umeshapoa. Mimi niko hapa nimekatwa mguu, na wewe umepoa." Alinyoosha mkono juu ya shuka, kiganja wazi, kama anavyodai mkasi. "Nirudishie. Ilikuwa ya yule mtoto."